Mtoto Akiugua na Wewe Uko Zamu

Simu ya chekechea ilinikuta namlisha uji bibi wa miaka 91. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na mimi niko kwenye nyumba ya wazee hapa Minneapolis, Marekani, tangu alfajiri. Saa tano kasoro dakika 20. Binti yangu ana homa, wanataka achukuliwe ndani ya saa moja. Kipimo kinasoma 101.3, ambayo kwa vipimo vya kwetu Tanzania ni nyuzi 38.5 za Selsiasi.

Nilikuwa najua. Alfajiri nilimgusa shingo nikaikuta ya moto, nikampa paracetamol ya maji, homa ikashuka, nikampeleka. Nayaandika haya kwa sababu wengi tunaobeba boksi huku tumeyafanya, na si kwa kukosa mapenzi, ni kwa kuiogopa zamu. Lakini dawa huisha nguvu, mtoto anateseka katikati ya wageni na wenzake wanaambukizwa. Ndiyo maana kituo kina sharti lake: hakuna kurudi mpaka zipite saa 24 bila homa, na bila dawa ya kuishusha. Yaani homa ya leo inaila na kesho.

Mume wangu alikuwa na lori, Nebraska. Nikampigia jirani yetu, mama wa Bukavu, Kongo, anayefanya kazi usiku. Ndiyo kwanza amelala. "Usilie, mama, naenda kumukamata mutoto," akaniambia, akatoka na baridi ile.

Akazuiwa mlangoni. Jina lake halikuwamo kwenye fomu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na bila jina hata kitambulisho hakisaidii. Siwalaumu, ningekuwa mimi pale ningemzuia vilevile. Ikabidi niache zamu. Nilipofika, binti yangu alikuwa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, amevalishwa koti na kofia, macho yamelegea, buti amezikumbatia kifuani kwa sababu aligoma kuvalishwa na mtu mwingine. Na jirani yangu hakuwa ameondoka. Alikuwa amechuchumaa nje ya kioo, anampungia mkono.

Jioni nikamweleza mama yangu Tanga. Akauliza, "Kwani hapo hamna mtu?" Kwetu mtoto akiugua hakuna anayeuliza nani atabaki naye. Yupo bibi, yupo shangazi, yupo dada wa kazi, na wote wakikosekana utasikia jirani anabisha hodi na kikombe cha uji. Huku watu wapo pia, ila lazima uwaandae kabla ya homa, kwa majina na kwa karatasi.

Na kuna jambo liliniuma zaidi nilipolijua. Siku ile msimamizi aliniambia nitafute kwanza wa kunishikia zamu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya jimbo la Minnesota hairuhusu mwajiri kukuwekea sharti hilo ukitumia likizo yako ya ugonjwa. Kila saa 30 unazofanya kazi zinakupa saa moja ya likizo yenye malipo, mpaka saa 48 kwa mwaka, na unaweza kuitumia kwa ugonjwa wa mtoto wako. Hata wa muda mfupi wamo. Kukuandikia pointi za utoro kwa saa hizo pia ni marufuku. Wanaolipwa kama wakandarasi wa kujitegemea ndio hawamo, na hao ni ndugu zetu wengi wanaoendesha teksi za kwenye simu. Ile sheria ya taifa ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993 (FMLA) ambayo watu hupenda kuitaja haina malipo, na homa ya siku mbili kwa kawaida haiingii humo.

Baadhi ya waajiri wakubwa hulipia mlezi wa dharura anayekuja nyumbani. Ukiwa na huduma hiyo kazini, jiandikishe leo, maana asubuhi ya homa si wakati wa kujaza fomu. Uliza pia kama wanapokea mtoto mgonjwa, kwani vituo vingi vya dharura havimpokei.

Sisi na jirani tumepanga hivi: mchana wa homa ni wake mpaka saa nane, kisha napokea mimi ili alale kabla ya zamu yake. Jumamosi wanawe wako kwangu. Kwenye friji kuna karatasi yenye kilo za kila mtoto, dawa anayopewa na saa aliyopewa mara ya mwisho, tusije tukamzidishia.

Wiki iliyopita mwanawe wa mwisho alitapika akiwa chekechea, na mimi nilikuwa mapumziko. Nikafika, nikatoa kitambulisho. Dada wa mapokezi akapitisha kidole kwenye orodha taratibu, akasimama kwenye mstari wa tatu, akanifungulia mlango.