Mshipi kwanza: kuifanya kazi ya ngozi ya jioni kuwa biashara ndogo

Anayejua kushona ngozi jioni baada ya kazi hakosi watu wa kumwambia, "Nitengenezee na mimi." Wengi huharibikiwa hapo hapo. Mmoja anataka waleti, wa pili kava la Biblia, wa tatu ala ya panga, wa nne ndara za mtoto. Kila oda ina vipimo vyake, uzi wake na unene wake wa ngozi, na mwezi ukiisha fundi ana rafu iliyojaa vipande visivyotosha kitu chochote. Ushauri wangu kwa anayeanza Kisumu, Nakuru au Kakamega ni mmoja: chagua bidhaa moja uitengeneze mpaka mkono uizoee, na bidhaa hiyo iwe mshipi wa kiume wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38.

Mshipi hauhitaji kalibu. Una mshono mfupi, zana zake ni chache, na mwenye nao huuvaa karibu kila siku, kwa hiyo unajitangaza wenyewe ofisini na kanisani. Viatu na ndara ziache kwanza. Ukianza na saizi 36 hadi 45, kushoto na kulia, mtaji wote utalala kwenye rafu ukingoja mguu unaolingana nao.

Ngozi ya mshipi ni ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3 hadi 4, iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti. Huku kwetu gome linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni la muwati, na Eldoret ilikuwa na kiwanda kikubwa cha kutoa dawa hiyo. Ngozi ya aina hii ni ngumu kiasi, ukingo wake ukisuguliwa unang'aa, na mhuri ukigongwa juu yake unabaki. Lakini ngozi nyingi utakayoonyeshwa madukani ni ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome. Ni laini na inafaa mikoba, ila kwa mshipi wa tabaka moja inavutika, matundu yanarefuka, na ukingo wake hata ukiusugua mchana kutwa haukazi. Kabla ya kulipa, kata pembe ndogo utazame katikati ya unene. Kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu, hata kama juu imepakwa kahawia. Ya magome ni kahawia mpaka ndani. Kisha dondoshea tone la maji upande usiopakwa kitu: ya magome hulinywa haraka na kufanya doa jeusi kidogo linalofifia likikauka.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapopotea. Mshipi mmoja unachukua kama nusu futi, basi mtu anazidisha nusu kwa bei ya futi na kuona amemaliza. Tuseme umenunua upande mmoja wa ng'ombe, futi 18, kwa shilingi 350 kila futi. Hizo ni shilingi 6,300. Tumbo linavutika na miguu ina mikunjo. Ongeza alama za chuma cha moto, mikwaruzo ya seng'enge, makovu ya kupe na mahali kisu cha mchunaji kilipoingia, na pengine futi 6 haziwezi kutoa kitu cha kuuza. Zilizobaki ni 12, kwa hiyo futi uliyonunua kweli ni shilingi 525. Mshipi ukate mgongoni tu, sambamba na uti wa mgongo, maana huko ndiko nyuzi za ngozi zimeshikana. Mshipi uliokatwa karibu na tumbo utapinda kama upinde katika miezi michache, hata ukishonwa vizuri namna gani. Mabega na mapaja yatoe vishikio vya funguo na pochi za kadi.

Urefu usiupime kwa suruali. Mtu anayevaa suruali iliyoandikwa 34 mara nyingi anahitaji mshipi wa 36, na wengine zaidi. Mwombe mteja mshipi anaouvaa sasa, au picha yake ukiwa umelazwa juu ya futi kamba. Pima kutoka ngozi inapokunjwa kwenye bizimu hadi tundu analolitumia. Hicho ndicho kipimo chake, na kwenye mshipi mpya kitaangukia tundu la katikati. Ongeza inchi 3 za kukunja upande wa bizimu na inchi 6 na nusu za mkia. Mteja wa 36 basi anakatiwa inchi 45 na nusu. Matundu yawe matano, inchi moja kati ya moja na jingine, kipenyo cha milimita 4 au 5. Yakiwa manne au sita hakuna tundu la katikati, na mteja akinenepa au akikonda anakuwa na nafasi kubwa upande mmoja kuliko mwingine.

Sehemu ya bizimu ndiyo inayoonyesha kama mshipi ni wa kununuliwa. Anza kwa kupunguza unene wa zile inchi 3 za mwisho, upande wa nyuma, kutoka milimita 3.5 hadi kama 2. Usipopunguza, mkunjo unakuwa nundu na uso wa ngozi unapasuka. Piga mstari inchi 3 kutoka mwisho. Kwenye mstari wa katikati wa mshipi toboa tundu la milimita 6 nusu inchi mbele ya mstari huo na jingine nusu inchi nyuma yake, halafu ziunganishe kwa mikato miwili iliyonyooka. Upate mwanya wenye ncha za mviringo, ambamo ulimi wa bizimu utapita. Mwanya wenye pembe kali huanza kuchanika pembeni. Lowesha mkunjo kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuukunja, ukunje, uushikilie kwa vibanio, uache ukauke.

Kitanzi cha kushikia mkia kikate milimita 12 kwa upana kutoka ngozi ya milimita 2, urefu 95 hadi 100. Kijaribu na mkia ukiwa ndani kabla hujakishona. Kikibana sana mteja atavuta mpaka kikatike, kikilegea mkia utaning'inia.

Kwa kushona, tumia sindano mbili butu na uzi mmoja wa poliesta uliopakwa nta, unene wa milimita 0.8, na matundu yaliyopigwa kwa uma wa kutobolea yaachane kwa milimita 4. Urefu wa uzi uwe mara nne ya mshono, pamoja na nafasi ya kushika. Kila tundu sindano zote mbili zipite, daima ya kushoto ikitangulia, na uvute kwa nguvu ile ile. Ukibadilisha mpangilio katikati, mishono inalala vibaya na jicho linaona mara moja. Uzuri wa mshono huu ni kwamba uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika. Mshono wa mashine ukikatika unaanza kufumuka. Malizia kwa kurudi mishono mitatu nyuma, kata, na uyeyushe ncha kidogo kwa kiberiti. Ukitaka mteja aweze kubadilisha bizimu mwenyewe, weka skrubu mbili za kufunguka badala ya mshono. Zinagharimu zaidi, lakini bizimu likiharibika mshipi haurudi kwako.

Kabla ya kushona, bandika mkunjo kwa gundi ya kubana, ipakwe pande zote mbili zinazokutana, kwenye ngozi iliyokwaruzwa. Ngoja ikauke mpaka kidole hakinati, kama dakika kumi hivi, ndipo ubane kwa nyundo. Ikibanwa mbichi inafanya mapovu, na sindano inatoka imejaa utando. Kazi hii ifanyie karibu na dirisha lililo wazi.

Ukingo ndio kazi ya subira, na naupenda kuliko yote kwa sababu hauwezi kudanganywa. Sawazisha kwa msasa namba 240, kisha 400. Kwangua pembe ya juu na ya chini ziwe mviringo. Pitisha kidole chenye maji kwenye ukingo peke yake, usugue kwa kipande cha turubai au mti laini mpaka uwe na joto na ung'ae. Paka nta ya nyuki, usugue tena. Maji yakizidi, ukingo unavimba na kulala nje kama uyoga. Ukiona hivyo acha ukauke kabisa, piga msasa, anza upya.

Rangi nyeusi ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Mteja anavaa mshipi na suruali ya khaki siku ya jua mtaani Kondele, Kisumu, anatoa jasho, na kiunoni kunabaki mstari. Sababu ni kwamba rangi iliyokaa juu ya ngozi bila kuingia haikusuguliwa ikaisha. Baada ya rangi kukauka usiku kucha, sugua mbele na nyuma kwa kitambaa kikavu, ukibadilisha kitambaa kila kinapojaa, ndipo upake nta au dawa ya kufunga rangi. Halafu jaribu: chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua mara ishirini. Kikitoka na rangi, mshipi hauuzwi leo. Upande wa nyuma usiusahau, maana ndio unaogusa nguo.

Kuna doa jingine la kujihadhari nalo. Dawa ya magome ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi unaoelekea buluu. Vumbi la tupa, rula yenye kutu, maji ya tangi lenye kutu, vyote vinaacha alama kwenye ngozi ambayo haijapakwa rangi. Doa bichi hufifia likipakwa maji ya limau na kufutwa, la zamani halitoki. Kwa hiyo nunua mabizimu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, hata kama yale ya rangi ya dhahabu ni nusu ya bei. Yale huchubuka, na mara nyingi chini yake ni chuma.

Kando ya ziwa hewa ina unyevu, na ngozi iliyofungwa ndani ya nailoni huota ukungu. Itundike au ikunje kwa mviringo mpana, mahali penye hewa, isiguse ukuta wala sakafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo mshipi utauzia ndani ya mfuko wa karatasi, nao ndio unaoufaa.

Sasa bei. Kwa mfano wetu, ngozi nusu futi ni kama shilingi 265, bizimu 150, uzi na rangi na nta na gundi 60, mfuko 40. Jumla 515. Mshipi mmoja ukifanywa peke yake unakula saa mbili, lakini ukikata kumi pamoja, ukapaka rangi kumi pamoja, kila mmoja unashuka hadi saa moja na robo. Ukijilipa 200 kwa saa, ongeza 250. Umefika 765. Ongeza sehemu ya kumi kwa vitakavyoharibika, iwe kama 840, kisha faida ya asilimia 30: takriban 1,100. Hiyo ndiyo bei ya kumuuzia mwenye duka. Wewe mwenyewe ukiuza kwa mkono uza 1,600, bei ile ile atakayouza yeye. Fundi anayeuzia jirani kwa 900 hawezi tena kuingia dukani, kwa sababu hakubakisha kitu cha kumpa mwenye duka. Weka bei za kwako mahali pa hizi. Mpangilio ndio usibadilike. Na usishindane na mishipi ya plastiki ya soko la Kibuye, Kisumu. Wanunuzi wake wanatafuta kitu kingine.

Malipo ya kwanza yawe nusu, kwa M-Pesa, kabla ya kisu kugusa ngozi. Kitu chenye jina la mtu kilipiwe chote, maana hakuna mwingine wa kukinunua. Simu ya biashara iwe na namba yake ya M-Pesa ya kupokelea malipo, yaani Pochi la Biashara au till, hela za ngozi zisichanganyike na za unga. Ukiwa umeajiriwa, mapato haya yanaingia kwenye ritani yako ya KRA, mamlaka ya kodi, isiyopita tarehe 30 Juni. Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka kuna kodi ya mauzo iitwayo TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida. Ifikirie kwenye bei mapema. Kampuni inayotaka mishipi thelathini ya zawadi ya Desemba itakuulizia risiti ya eTIMS, yaani risiti ya kielektroniki ya KRA, na kibali cha kaunti kitahitajika ukishafungua kibanda.

Kwa bidhaa ya pili, mshipi ukishajiendesha, Kisumu ina kitu ambacho Nakuru haina karibu: ngozi ya mbuta, yaani sangara. Samaki wanaotolewa minofu viwandani huacha ngozi zinazoweza kutengenezwa, na vimifuko vya magamba vinaipa sura ambayo ng'ombe hana. Ni nyembamba, kwa hiyo ibandike juu ya ngozi ya ng'ombe ya milimita 1 na uitumie usoni mwa waleti au pochi ya kadi. Ukingo wake usiusugue, ukunje ndani. Nta ipakwe kutoka upande wa kichwa kuelekea mkia. Kinyume chake vimifuko vinainuka na kuanza kunasa mfukoni.

Faida ya kwanza ikipatikana, usikimbilie cherehani. Nunua kikata mishipi cha mti, kile chenye wembe mmoja na kipimo cha upana. Mishipi yote itatoka na upana mmoja, mabizimu yatakaa sawa bila kupunguza kwa msasa, na muda wa kukata utapungua kuliko zana nyingine yoyote ya bei hiyo. Nunua pia wembe kadhaa za akiba. Wembe butu huvuta ngozi badala ya kuikata, na mshipi unatoka na mawimbi.