Tikiti ya Binti, Safari ya Shangazi

Tikiti za baleti zilikuwa mbili, yangu na ya binti yangu. Usiku wa kuamkia safari homa ikampanda, na kulipokucha hakuweza hata kuinua kichwa. Shangazi, aliyekuwa amekuja Leicester, Uingereza, kututembelea kutoka Mombasa, alisikia bei ya ile tikiti akainuka kutafuta buibui lake.

"Pesa hazitupwi, mwanangu. N'takwenda mimi."

Mgonjwa akabaki na babake. Kabla hatujatoka alinipa agizo moja tu: "Mama, angalia viatu vyao ni vya rangi gani."

Agizo hilo lina kisa chake. Alipoanza masomo ya baleti akiwa na miaka saba, tulipewa orodha ya sare: soksi ndefu za waridi, viatu vya waridi. Waridi lile nia yake ni kufanana na ngozi, ili mguu uonekane kitu kimoja tangu nyonga hadi ncha ya kidole. Ngozi ya nani, hilo halikuandikwa kwenye orodha. Mwanangu akawa watu wawili, kahawia juu na waridi chini. Baadaye mwalimu mwingine aliruhusu viatu vya rangi ya ngozi, lakini madukani sikuvipata, ndipo nikawa kila Jumamosi usiku nasimama kwenye sinki la jikoni na kichupa cha fandesheni na kipande cha sponji, nikipaka viatu vya mtoto kama ninayempodoa bibi harusi. Niligundua baadaye kwamba wachezaji weusi wamefanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Wachezaji wa kundi la Dance Theatre of Harlem kule New York walianza kuvaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao tangu miaka ya 1970. Uingereza ilingoja mpaka 2018, kampuni ya viatu ya Freed iliposhirikiana na kundi la Ballet Black kutoa viatu vya kahawia na vya shaba. Na Ballet Black ndio tuliokuwa tunakwenda kuwaona, Jumamosi ile ya Machi 2019, katika ukumbi wa Barbican, London.

Basi lilitoka kituo cha St Margaret's na kushika barabara ya M1. Mvua ya rasharasha, malori, mashamba ya kijani kibichi. Hakuna la kusimulia hapo, na Shangazi hakulitazama dirisha zaidi ya dakika tano. Alifungua mkoba akatoa mahamri na chupa ya chai, akaniuliza, "Hiyo baleti yenyewe ni nini hasa?"

Nikamweleza kwamba ni ngoma iliyolelewa katika majumba ya watawala wa Italia na wafalme wa Ufaransa, kwamba huyu bibi aliyeanzisha kundi hili mwaka 2001, Cassa Pancho, ana asili ya Trinidad na Uingereza, na kwamba alichoshwa na kutowaona wachezaji weusi kwenye majukwaa ya baleti. Shangazi akatafuna taratibu.

"Na watacheza nini?"

"Kuna mmoja unaitwa Ingoma."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kwa Kizulu na Kixhosa ingoma ni wimbo. Kwetu, kama ujuavyo, ngoma ni chombo chenyewe, na mchezo, na shughuli nzima pamoja na fitina zake. Shangazi anazijua fitina hizo. Ujana wake alicheza lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, enzi za ushindani wa vyama vya Ibinal Watan na Banu Saada, na mpaka leo moja ya majina hayo hulitamka kwa mdomo wa upande. Ni lipi, nimekatazwa kusema.

Kutoka kituo cha mabasi cha Victoria tulipanda treni ya chini ya ardhi, ile ya njia ya duara, tukateremka Barbican. Kutoka hapo ni vita. Barbican ni mji wa zege ndani ya mji, ngazi, madaraja na vichochoro vya juu kwa juu, na wageni hupotea mpaka ukachorwa mstari wa njano sakafuni wa kuwaongoza. Tuliufuata mstari. Mstari ukatupoteza. Tulipita mahali pamoja mara mbili, magoti ya Shangazi yakilalamika. "Huu si ukumbi, ni Fort Jesus," akasema. "Hapa hata Mreno hatoki."

Ndani, kila safu ya viti ina mlango wake ubavuni. Muda ulipofika, milango yote ikajifunga yenyewe kwa pamoja, bila mtu kuigusa. Shangazi akanishika mkono. "Bismillahi."

Michezo miwili ya kwanza ilikuwa safi na ya kupendeza, nami sina la kuongeza. Kisha ukaja Ingoma.

Mtunzi wake, Mthuthuzeli November, ni kijana kutoka Cape Magharibi, Afrika Kusini. Aliuchota mchezo kutoka kwenye picha za mchoraji Gerard Sekoto, na kutoka mgomo wa Agosti 1946, wachimba dhahabu weusi zaidi ya 60,000 walipokataa kushuka migodini wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi waliwarudisha chini kwa marungu na risasi. Kwa hesabu ya serikali waliokufa walikuwa tisa.

Sikutarajia kuwasikia wacheza baleti wakiimba. Waliimba, na walikanyaga sakafu kwa gambuti, zile buti za mpira za mgodini, wakizipiga kwa viganja. Husemwa kwamba wachimbaji waliopigwa marufuku kuongea waliongea kwa buti. Mwili uliofunzwa kupaa, maana baleti nzima ni ugomvi na ardhi, ulikuwa umeshuka, magoti yamekunjwa, uzito wote chini. Halafu mgongo unanyooka, mkono unafunguka kwa ule utaratibu wa darasani, na huoni mshono ulipo. Wake waliobaki juu ya ardhi walilia kwa mwili mzima. Nikamtazama Shangazi. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti, kama anayefuata mapigo ya lelemama.

Mwaka uliofuata mchezo huo ulipata tuzo ya Olivier, ile kubwa ya maonyesho ya jukwaani Uingereza. Usiku ule sisi tulijua tu kwamba hatukuwa na leso za kutosha.

Nje, mtu nyuma yetu alikuwa anabishana na mwenzake iwapo kile ni baleti au ni ngoma ya Kiafrika. Swali hilo hunichosha, lakini nilimtafsiria Shangazi. Alisimama katikati ya mstari wa njano.

"Babu yako alicheza beni. Amevaa koti la manowari, kofia ya manowari, na tarumbeta mkononi. Nani alimwita Mwingereza?"

Tulifika nyumbani saa saba za usiku. Binti alikuwa macho, homa imeshuka, blanketi mpaka kidevuni.

"Viatu?" akauliza. "Rangi gani?"

Kabla sijafungua mdomo Shangazi alikwishaketi kitandani, anavua vyake.

"Gambuti, mjukuu wangu. Walivaa gambuti."

Akadhani nyanya yake anamtania.