Beringi iliyokatwa

Jana usiku mpwa wangu kanitumia wasifu wake wa kurasa tatu, na chini yake swali moja: "Shikamoo mjomba. Nikiulizwa kitu nisichokijua kwenye usaili, niseme nini?" Mstari wa kwanza wa wasifu unasema "mchapakazi, mwepesi kujifunza". Nilicheka peke yangu. Na wangu ulianza hivyohivyo, mwaka ule niliokuwa nikihangaikia nafasi ya mwaka wa kiwandani, ule mwaka ambao mwanafunzi hutoka chuoni kwenda kujifunza kwa vitendo.

Nilituma maombi 34. Kampuni 22 hazikujibu kabisa, 8 zilikataa kwa adabu, 4 zikaniita. Kosa nililigundua nikiwa nimeshatuma nusu: barua zote nilizielekeza idara ya utumishi, na huko mwanafunzi ni faili la ziada tu. Mwenye upungufu wa mikono ni mkuu wa matengenezo. Viwanda vikubwa hufungua maombi mapema, vingine karibu mwaka mzima kabla, na vipo vinavyofunga mara tu watu wakitosha, tarehe ya mwisho iwe imefika au haijafika. Vidogo mara nyingi havitangazi chochote. Huko unamwandikia msimamizi mwenyewe, wiki kadhaa kabla kiwanda hakijasimamishwa kwa matengenezo makubwa, maana ndipo anapohesabu watu wake na kuona hawatoshi. Barua haizidi nusu ukurasa: unasoma nini, uko huru kuanzia lini hadi lini, umeshika mashine gani, na nani chuoni atathibitisha.

Wasifu nikaupunguza ukabaki ukurasa mmoja. "Nina ujuzi wa karakana" nikaifuta. Badala yake nikaandika kwamba nilikereza shafti, ile fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya mashine, ya kipenyo cha milimita 25, kosa lisizidi milimita 0.02, na kwamba ya kwanza niliiharibu kwa kuipima ikiwa bado ya moto. Ilipopoa ikanywea chini ya kipimo. Rafiki zangu waliniambia nimejichongea. Nani anaandika makosa yake kwenye wasifu?

Usaili wa tatu ndio ninaoukumbuka. Chumba kilinuka grisi kuukuu. Msaili, mzee mwenye kucha nyeusi, hakuniuliza udhaifu wangu wala miaka mitano ijayo. Alifungua droo, akatoa kitambaa, akakikunjua mezani. Ndani yake kulikuwa na beringi, ringi mbili za chuma zenye gololi katikati, zinazoishika shafti izunguke bila kusuguana. Ringi ya nje ilikuwa imekatwa vipande viwili, gololi zimetawanyika.

"Niambie," akasema. Basi.

Nilianza na nilichoweza kusoma: 6205-2RS C3. Tarakimu mbili za mwisho za 6205, yaani 05, unazidisha kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Akanisogezea kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo. Ringi ya ndani ikasoma 25, upana 15. Kipenyo cha nje kingekuwa 52 kama ringi isingekatwa. 2RS ni sili, yaani vizibo, za mpira pande zote mbili, kwa hiyo grisi yake ni ile iliyotoka nayo, huiongezi. C3 maana yake nafasi kati ya gololi na ringi ni kubwa kuliko ya kawaida, ili mota ikipata joto na ringi ya ndani ikitanuka, gololi zisibanwe.

"Kilichoiua?"

"Grisi imeisha," nikasema, haraka mno.

"Umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nikaishika sili moja na kuigeuza. Grisi ilikuwepo, tena ya kutosha, ila imechanganyika na vumbi jekundu kama kutu. Nikaanza kutoka jasho la mgongoni. Nikachukua kipande cha ringi ya nje, nikakigeuzageuza dirishani hadi mwanga ukapita kwenye njia ya gololi, nikaona vishimo. Havikuwa vimetapakaa ovyo. Vilipangana kwa nafasi sawa, na nilipoweka gololi moja ndani ya kimojawapo, ikatulia kama yai kwenye kiota.

Saa ya ukutani niliisikia. Nadhani nilikaa kimya dakika nzima.

Nikasema, "Sijui kilichoiua. Ninachoona ni kwamba gololi zilikaa palepale zikichimba. Kama ni nyundo iliyopigwa kwenye ringi ya nje wakati wa kuifunga kwenye shafti, nguvu ingepita kwenye gololi na kuacha vishimo hivihivi. Lakini nyundo haileti vumbi jekundu." Kisha likanitoka swali ambalo sikuwa nimelipanga: "Mota ilikotoka beringi hii ilikuwa inazunguka?"

Akaishika kalamu yake kwa mara ya kwanza.

Haikuwa inazunguka, akaniambia. Ilikuwa mota ya akiba, imefungwa miezi minane kando ya pampu zinazofanya kazi. Sakafu inatetemeka, gololi zinasuguana na ringi mahali palepale, grisi inasukumwa pembeni na hairudi kwa sababu hakuna mzunguko wa kuirudisha. Chuma kwa chuma. Siku mota inapohitajika, inawashwa na kunguruma. Dawa yake haigharimu kitu: kila wiki unazungusha shafti kwa mkono, mzunguko mmoja na robo, gololi zisitue pale zilipotua wiki iliyopita.

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya wiki mbili. Yaliyobaki yalikuwa ya mbiombio: chuo kuidhinisha maelezo ya kazi kabla sijatia saini, kwa sababu mwaka usioidhinishwa unaweza usihesabiwe; kuhakikisha mkataba unataja saa, malipo, bima na jina la msimamizi; ovaroli ya pamba, maana nailoni huyeyukia kwenye ngozi; daftari gumu lenye kurasa zilizotiwa namba, liandikwe kwa kalamu ya wino. Viatu vya usalama nilivivaa nyumbani wiki mbili kabla, ndani kwa ndani, nikichekwa. Mwenzangu aliyevivaa vipya siku ya kwanza alichechemea hadi Ijumaa.

Kazi yangu ya kwanza? Kila Jumatatu, mota tisa za akiba, mzunguko mmoja na robo, alama ya chaki kwenye shafti.

Ningeweza kumwambia mpwa wangu aseme "sijui" kisha aeleze anachokiona, kama nilivyofanya. Tatizo ni huyo mwenzangu wa viatu vipya. Naye aliwekewa beringi ileile, saa moja kabla yangu. Alijibu kwamba grisi imeisha, akashikilia hapohapo mpaka mwisho bila kutetereka, na akachukuliwa vilevile. Zile mota tisa tulizizungusha pamoja mwaka mzima, na hakuna hata siku moja tuliyothubutu kumwuliza mzee alikuwa anatafuta nini.

Jibu nimeliandika mara mbili na kulifuta. Nimemrudishia wasifu tu, "mchapakazi, mwepesi kujifunza" nimeikata, na pembeni nimeandika: ile pampu mliyofungua karakana, ilikuwa na beringi namba ngapi?