Siku moja maishani mwangu: muuza leso, siku ya 62 au ya 64

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana inanikuta macho. Chumba cha pili nasikia kabati likilia, kriii, najua mama ameshaamka. Ndani ya mlango wa kabati lile, pale baba alipokuwa akitundika kofia zake, mama huchora mstari mmoja kwa penseli kila alfajiri kabla ya kutawadha. Wa leo ni wa 62. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi kwa mwandamo wa mwezi, na yeye ameanza kuhesabu Jumamosi. Mimi kichwani mwangu ni siku ya 64, maana nahesabu tangu Alhamisi. Siku mbili tu, na ukoo wetu umegawika hapo.

Saa moja asubuhi

Mahamri ya jirani, mbaazi za jana, chai. Mama hatoki, kwa hivyo ya sokoni ni yangu: nazi mbili, ndimu, na unga wa mikate, kwa kuwa leo Alhamisi na usiku tutamsomea baba Yasini.

Saa mbili na nusu

Kutoka Kibokoni hadi Biashara Street, hapa Mombasa, ni mwendo mfupi. Nafungua duka, natoa leso, yaani kanga, nje, nazitundika kwa rangi. Fundi wa kupinda ameshaweka cherehani yake kibarazani na ananisalimia kwa kichwa tu. Tangu msiba watu wananisalimia hivyo. Zamani angeniuliza kama nimemletea kahawa.

Mteja wa kwanza anataka leso ya kumpelekea mfiwa. Huwa nawapa ile ya "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Nimeiuza miaka kumi na moja bila kuitia maanani. Leo naikunjua, naisoma jina lake pale juu ya pindo, nasema moyoni: haya, dereva ni Mungu, na mwenye kutia sahihi je? Nikamkunjia, nikampunguzia hamsini, akaenda zake.

Nilitia sahihi mimi. Presha ilimpanda baba, mshipa wa kichwani ukapasuka. Siku ya tano ICU, Alhamisi, madaktari wawili walimpima, kila mmoja kwa wakati wake. Walimmulika mboni, wakamtilia maji ya baridi sikioni, wakamtoa kwenye mashine dakika kadhaa kuangalia kama atavuta pumzi mwenyewe. Hakuvuta. Wakatuambia ubongo umekufa, kinachopumua ni mashine. Ami, ndugu yake baba, akasema yeye haoni maiti pale, anaona mtu kifua chake kinapanda na kushuka. Na kweli kilikuwa kikipanda. Ijumaa kidole cha mguu kikacheza, Ami akapiga takbiri wodini. Daktari akaeleza kwamba ule ni mshtuko wa uti wa mgongo, hauhitaji ubongo. Nani atamsikiliza daktari naye ameshaona kidole kikicheza?

Kaka yangu aliyeko Muscat nilimpigia mara tatu. Akasema, "Dada, fanya unaloona sawa." Wiki moja baadaye akamwambia Ami kwamba hakushauriwa. Hilo bado sijalimeza.

Jumamosi saa nne asubuhi nilisimama mbele ya meza ya wauguzi kutia sahihi mashine iondolewe. Kalamu ilifungwa kwa kipande cha bandeji isije ikaibwa, na bandeji ilikuwa fupi, ikabidi niiname. Palipotakiwa uhusiano na mgonjwa niliandika "binti", herufi zikapanda mlima. Moyo ulisimama baada ya dakika kumi na nne. Baada ya alasiri wanaume wakaenda kumzika Kikowani. Kwenye matanga Ami akauliza mbele ya watu, tangu lini mtoto wa kike akamtilia babake sahihi ya kufa.

Saa sita na nusu

Nafunga mlango nusu, naswali adhuhuri nyuma ya majora. Halafu wali na mchuzi wa papa kwenye kikopo. Kuna siku nala na kuna siku nampa paka wa fundi.

Saa tisa

Anaingia mke wa Ami. Sikumtarajia. Ananiita "mwanangu" kama zamani, anataka leso za binti yake atakayejifungua. Anazigeuza geuza, anachagua za samawati. Nakataa pesa, ananiwekea mezani zote bila hata kuomba kupunguziwa, na mwanamke wa Mombasa asipoomba kupunguziwa jua kuna neno. Mlangoni anageuka: "Ami yako halali vizuri." Nikajibu hata mimi. Akasimama kidogo, akatengeneza buibui lake, akatoka. Sijui kama ilikuwa salamu au lawama. Pengine zote.

Wiki ya tatu ya msiba nilikwenda kwa shehe mmoja mzee, nikitaka kujua nimefanya nini. Hakunikaripia. Akanambia swali langu limeshaulizwa na wakubwa. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Amman Oktoba 1986, likasema ubongo wote ukishakufa kufa kusiko na marejeo, na mabingwa wakathibitisha, mtu huyo kisheria ameshakufa, na mashine inajuzu kuondolewa hata kama moyo bado unapigishwa. Mwaka uliofuata, 1987, baraza la fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa ulimwengu, kule Makka nalo likaruhusu kuiondoa, lakini likasema mtu hahukumiwi kuwa amekufa mpaka moyo na pumzi visimame baada ya mashine kutolewa.

"Kuondoa, wote wameruhusu," akasema. "Wamehitilafiana siku tu."

Kwa hesabu ya Amman babangu alikufa Alhamisi na mimi nilizima chombo. Kwa hesabu ya Makka alikufa Jumamosi, dakika kumi na nne baada ya sahihi yangu. Nilitoka kwa shehe na ruhusa mkononi, na kumbe sikuwa nimefuata ruhusa. Nilitaka mtu anipe Alhamisi. Nilipomuuliza mama ahesabu vipi, alijibu, "Eda mwachie mwenye eda."

Saa kumi na mbili kasoro robo

Naingiza leso ndani. Nimeuza saba. Duka la jirani ni la udi na manukato, kwa hivyo buibui langu kila jioni linanuka kama harusi. Mama yuko kwenye eda, hatii manukato wala wanja wala dhahabu, nami siku za mwanzo nilikuwa navua buibui ngazini. Akanikataza. Siku hizi anataka nikae karibu naye kwanza kabla sijabadilisha.

Saa mbili usiku

Isha imeshaswaliwa. Kina shangazi wamekuja, tumesoma Yasini, mikate imegawanywa. Ami naye alikuja. Kwenye arobaini alisoma akaondoka kabla ya pilau. Leo alikunywa kahawa kikombe kimoja, akamuaga mama kwa pazia, mimi akanipita. Kofia yake ni ya mtindo ule ule wa baba, zilishonwa pamoja. Nilimwangalia kisogo hadi aliposhuka ngazi.

Saa nne

Nampaka mama mafuta ya nazi miguuni, visigino vimepasuka kwa kukaa ndani. Taa ya barazani inaingia kwenye kabati lililo wazi, mistari inaonekana, tano tano. Nikamuuliza bila kujitayarisha: "Mama, mbona unahesabu kama Ami?"

Akanyamaza sana. Nikadhani amelala.

"Sihesabu kama Ami yako," akasema. "Alhamisi na Ijumaa nilikuwa nimemshika mguu, hapa hapa unaponishika. Ulikuwa na moto. Mwanamke hakai eda na mguu wa mumewe una moto."

Sikujua niseme nini. Nikaendelea kupaka.

"Na Jumamosi," akasema, "ulipokwenda kule mezani, nilikuona umeinama. Nikasema huyu mtoto amebeba peke yake, na mimi niko hai." Akavuta mguu, akanipa wa pili. "Umeuza leso ngapi leo?"

"Saba."

"Za nani zile za samawati, zilizouzwa bei kamili?"

Mke wa Ami ameshamwambia. Katika nyumba hii hakuna siri inayofika saa nne ya usiku.