Meza ya mninga, benchi la msaji: nilivyochagua cha kupaka

Mteja mmoja hapa Tanga aliniagiza vitu viwili: meza ya chakula ya mninga, na benchi la msaji la kukaa nje, upande unaopigwa na jua na upepo wa bahari. "Fundi, nataka vyote ving'ae," akaniambia. Nilimwomba anipe muda kwanza.

Nilichukua mabaki ya mbao zilezile, nikayapiga msasa namba 120, kisha 180, nikamalizia na 240. Kila kipande nikakipaka kitu chake: shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti), laka ya kupuliza, vanishi ya poliurethani, na mafuta ya kitani; kimoja tu cha msaji nikakiacha kitupu. Vilipokauka kabisa nikaviwekea vikombe vya chai ya moto, nikavikamulia ndimu, vingine nikaviacha nje vipate jua na mvua. Matambara ya mafuta ya kitani niliyaanika moja moja, maana yakirundikwa hujipasha moto yenyewe hadi yakawaka. Karakana imejaa vumbi la mbao. Hilo si jambo la kupuuza.

Kwa uzuri wa macho, shelaki haina mpinzani. Mninga uliopakwa shelaki unatoa ule wekundu wake wote. Ila kikombe cha moto kiliacha duara jeupe, na spiriti inaiyeyusha. Nitaiweka kwenye fremu ya kioo, si kwenye meza ya kulia watoto.

Laka inapendwa na wenye kompresa kwa sababu inakauka upesi. Kwa pwani ina taabu yake: thina, kile kimiminika cha kuizimulia, inaporuka haraka hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unanaswa humo, na kazi inaota weupe kama ukungu. Wakati wa masika naikwepa.

Mezani ikashinda vanishi. Chai haikuitia alama, wala ndimu. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, niliuzimua kwa tapentaini ili upenye, kisha nikafuatisha mikono mingine myembamba, kila mmoja ukikauka nausugua kwa msasa laini kabla ya unaofuata. Chini ya meza nilipaka vilevile. Wengi wanapaacha kwa kuwa hapaonekani, lakini ubao uliozibwa upande mmoja tu hunywa na kutoa unyevu bila ulinganifu, na huweza kupinda.

Benchi ndilo lililonipa mjadala mrefu na mteja. Vanishi angavu nje haidumu: jua linapita ndani yake, linaharibu mbao iliyo chini, kisha vanishi inapasuka na kubanduka. Ukitaka kurudia, ukwangue yote. Mafuta ya kitani nayo, kwenye kipande kilicholala mvuani, yaliota madoa meusi ya kuvu. Wenye majahazi walipaka mbao zao sifa, yale mafuta ya papa, na walirudia mara kwa mara. Kazi ya nje ni ya kurudiwa.

Nikamwambia, "Mama, msaji una mafuta yake ya asili. Tuuache mtupu. Utageuka kijivu cha fedha, lakini hauozi kwa urahisi." Alisita, akakishika kile kipande kitupu kilichokuwa kimeanza kugeuka, akakilinganisha na cha vanishi kilichobanduka pembeni. Akachagua benchi tupu. Nililainisha kingo zake zaidi, nikainamisha kidogo mbao za kukalia ili maji yasituame, na nikamwachia maelekezo ya kuliosha kwa brashi laini na maji ya sabuni.