Siku niliyobaki kikaoni

Nilipokabidhiwa kituo cha afya mkoani Singida mwaka 2019, niwe mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo kizima, nilikuwa nimezoea kazi ya mikono. Mama amekwama na uchungu, unanawa, unavaa, unapasua, mtoto analia, unajua umefanya kazi. Ufawidhi hauna kilio cha mtoto. Una barua, stoo ya dawa, malalamiko ya posho, na kamati ya kituo inayokutana kupanga matumizi ya fedha. Mkubwa wangu mmoja aliyekaribia kustaafu aliniambia, "Sasa wewe ni wa kituo, si wa chumba kimoja." Niliitikia tu, nikaenda zangu.

Kikao ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa na ajenda moja nzito. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zilikuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo uamuzi ulikuwa mikononi mwetu. Wajumbe wengi walitaka uzio. Sikuwalaumu. Ng'ombe walikuwa wakiingia mpaka karibu na mlango wa wodi ya wazazi, halafu uzio huonekana, mtu akipita barabarani anaona kamati inafanya kazi. Mimi nilitaka jokofu la damu. Chumba cha upasuaji tulikuwa nacho, matunda ya ule ukarabati wa vituo vya afya uliofanyika nchini miaka ile, lakini damu tuliifuata hospitali ya wilaya kwa barabara ya vumbi huku mama akiendelea kuvuja.

Mjadala ukiwa umepamba moto, sista wa wodi ya wazazi akachungulia mlangoni.

"Daktari, samahani. Tuna mama njia imefunguka yote tangu saa mbili, mtoto hashuki. Mapigo yake yameanza kushuka."

Nilikuwa nimeshasimama. Wajumbe nao wakaanza kukusanya karatasi, wakijua kikao kimekwisha. Nikamwuliza sista: daktari wa zamu yupo? Mtaalamu wa usingizi? Kundi la damu la mama limepimwa? Yote yalikuwa tayari. Yule daktari wa zamu alikuwa kijana, hajamaliza hata mwaka kazini, lakini nilikuwa nimesimama naye mezani mara za kutosha kujua anavyoshika kisu na anavyotulia damu ikimwagika.

"Mwambie aanze. Akinihitaji aniite, nitafika dakika hiyohiyo."

Nikaketi. Kuketi kule kulikuwa kugumu kuliko upasuaji wowote niliowahi kufanya, na hata leo nikikumbuka viganja vinatoka jasho. Lakini mama yule alikuwa na daktari. Mama atakayeletwa usiku wa manane miezi mitatu mbele, kondo likatoka na mfuko wa uzazi ukagoma kujikaza, hakuwa na mtu wa kumsemea pale isipokuwa mimi. Ningetoka, uzio ungepita.

Mbele ya mwenyekiti palikuwa na chupa ya maji ya nusu lita. Nikaisogeza katikati ya meza. Nikawaambia, mimba ikishakomaa, mfuko wa uzazi hupitisha damu inayofika ujazo wa chupa hii kwa dakika moja, wakati mwingine hata zaidi. Mfuko usipojikaza baada ya kujifungua, hiyo ndiyo inayotoka. Sasa tuhesabu dakika za kwenda wilayani na kurudi.

Hakuna aliyehesabu. Mjumbe mmoja, mama muuza nafaka, ndiye aliyeuliza swali la maana kupita yote: "Na umeme ukikatika, Daktari?" Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Damu inataka kati ya nyuzi joto 2 na 6, na ikitunzwa vizuri hukaa hadi siku 35. Jenereta ya chumba cha upasuaji ilikuwapo, ila bajeti ya mafuta ilibidi iongezwe, na nilikuwa na hesabu yake kwenye daftari. Wakataka kuiona. Tukaipitia mstari kwa mstari, wakapunguza pale walipoona nimezidisha.

Mwisho mzee mwenyekiti akauliza, "Na ng'ombe je?" Kisha akajijibu mwenyewe: minyaa ipo tele shambani kwake, vijana wa kijiji wakate matawi, wapande kuzunguka kituo mvua zikianza. Tukaandika hivyo kwenye muhtasari, jokofu na minyaa.

Nilipofika chumba cha upasuaji mtoto alikuwa ameshapimwa uzito na mama anashonwa ngozi. Nikasubiri kijana amalize. Nilimwuliza ya kitabibu kwanza: mfuko umejikazaje, damu imepotea kiasi gani, mkojo hauna damu? Akajibu yote bila kubabaika, nikampongeza mbele ya wenzake. Kisha nikamwuliza nyuzi za kushonea zimebaki ngapi, na zitatufikisha lini.

Hakujua. Nikachukua funguo za stoo, tukaenda wote kuhesabu.