Kumbe nilikuwa nasalimia sikio bovu

Kuna jamaa tunafanya naye kazi, nilimchunia karibu mwaka mzima kwa kosa ambalo hakulifanya. Unampita asubuhi, mambo vipi, kimya, kama umepita upepo tu. Kwenye vikao anakaa kiti cha mwisho kabisa kushoto, ubavu ukutani, na ukiongea anakukodolea mdomo mpaka unahisi una kitu kwenye meno. Mi nikawa nishamaliza hesabu, jamaa anaringa. Na ukishaamua mtu anaringa basi kila kitu chake kinakuwa ushahidi, hata anavyofunga mlango.

Siku moja nikamwita, yuko hatua tatu tu, akageuka upande ambao sipo, akazungusha macho chumba kizima ndo akaniona. Akacheka. Akaniambia ukitaka kuniita simama kulia, la kushoto lilikufa toka utotoni. Sasa mbona hukujua niko wapi? Ndo akanieleza kitu sijawahi kukifikiria, kwamba ubongo unajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, moja linaipata mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kuliko lenzake, kwa hiyo ukibaki na moja unasikia jina lako ila hujui limetokea upande gani, na penye kelele ndo kabisa, ndo maana anasoma midomo. Na kile kiti? Ni ili wote tuwe upande wa sikio zima. Yaani alikaa pale ili atusikie, mimi nikasoma kwamba anatukwepa.

Kilichoniuma ni kwamba mimi mwenyewe nikipita bila kusalimia nina sababu kibao, sijalala, nina mawazo, nilikuwa nasoma meseji. Yeye nilimpa moja tu: tabia mbaya. Wanasaikolojia wameichunguza sana hii kitu. Mwaka 1967 Jones na Harris waliwapa watu insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo, wengine wakaambiwa wazi kabisa kwamba mwandishi alipangiwa upande, hakuchagua, na bado wakaona aliyemtetea Castro lazima atakuwa anamkubali kidogo. Umeambiwa kabisa, na bado!

Juzi nikajisahau nikampitia kushoto, nikamsalimia, kimya. Nakwambia kabla sijakumbuka, moyoni nilishasonya.